Jiko la Nani?

Tunakarabati jiko hapa Tabora, na mtoto ana wiki tatu. Fundi anauliza: mafiga ya uani tuyang'oe? Jibu rahisi ni ndiyo. Moshi haumfai mtoto mchanga, na kuni zinamaliza miombo yetu. Lakini mama yangu katoka Sikonge kuja kumhudumia mzazi, na maji ya kumkandia anayachemshia hapohapo. Tukiyang'oa, tunaondoa moshi au tunamwondoa yeye?

Mji huu ulikuzwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Mizigo waliibeba wao, ila nyumba iliyohifadhiwa Kwihara inaitwa ya Livingstone. Anayebeba husahaulika hivyo.

Basi gesi iingie ndani, mafiga yasogezwe mbali na dirisha. Moshi unamuumiza mama pia, sikatai. Ila siku ya kuziacha kuni aamue mwenyewe, siyo fundi.