Matambara Yaliyohesabiwa

Anayekwenda Ugiriki kutazama mambo ya kale hupelekwa kwanza Acropolis mjini Athens, na mara nyingi huishia hapohapo. Simlaumu, hekalu la Parthenon linastahili sifa zake. Lakini mtu akiujua ustaarabu kwa majengo ambayo dola ilijijengea ili isifiwe, ameujua kwa sura uliyotaka kuonekana nayo tu. Ushahidi ninaouona mzito zaidi uko mashariki ya Athens, chini ya kilomita 40 kutoka mjini, katika bonde la Brauron lililo karibu na bahari. Pale kuna magofu ya patakatifu pa Artemis na makumbusho madogo ambayo wageni wengi hawayasikii kabisa. Vilivyomo humo havihusu sana majemadari. Vinahusu watoto, mama zao, na nguo.

Artemis alikuwa mungu wa kike wa pori na uwindaji, na ndiye pia aliyeombwa na wanawake waliokuwa wakijifungua. Mabinti wadogo wa Athens waliletwa Brauron kumtumikia, nao wakiwa huko waliitwa dubu. Hadithi ilisema kwamba dubu aliyezoea watu alimparura msichana, kaka zake wakamuua dubu huyo, tauni ikaingia, na Artemis akaagiza wasichana wamchezee udubu kabla ya kuolewa. Msomaji aliyekulia penye unyago atadhani ameshaelewa. Asiharakishe: hawa walikuwa na miaka 5 hadi 10 hivi, hawajakaribia kuvunja ungo. Vyombo vidogo vya udongo vilivyofukuliwa hapo vimechorwa wasichana wakikimbia, na sanamu za marumaru zinaonyesha watoto wa mashavu ya mviringo, wengine wameshika njiwa au sungura. Kwa aliyezoea kuiona sanaa ya Kigiriki kuwa ni misuli ya mashujaa, hii ni habari mpya: mchongaji alikaa akamtazama mtoto jinsi alivyo.

Ila kinachonishughulisha zaidi ni nguo. Wanawake walimtolea Artemis mavazi yao, na katika karne ya 4 KK orodha zake zikachongwa kwenye mawe, nakala zikasimamishwa Acropolis, ambako patakatifu pa Brauron palikuwa na tawi. Orodha hizo hutaja jina la mwanamke, mara nyingi pamoja na la mumewe, aina ya nguo, rangi au nakshi yake, na hali yake. Nyingine zimeandikwa kuwa zimefumwa nusu tu. Nyingine zimeandikwa wazi kuwa ni matambara. Yaani mji uliokuwa ukihesabu dhahabu ya Athena ulimlipa mchonga mawe aandike kwamba vazi la mama fulani limechakaa. Euripides, katika tamthilia yake juu ya Iphigenia, kuhani wa Artemis kwa Watauri, anasema nguo za wanawake wanaokufa kwa uzazi zingepelekwa kwa Iphigenia huko Brauron. Mawe hayasemi hivyo, nami sioni haja ya kuyalazimisha. Vazi lililofumwa nusu laweza kuwa la marehemu. Laweza pia kuwa la mtu aliyechoka kufuma. Hata bila majonzi ya jukwaani, orodha inatosha.

Mwenye shaka atasema: huo ni ukarani tu. Kila mtumishi wa umma Athens alikaguliwa hesabu zake alipoondoka madarakani, kwa hiyo aliyeandika matambara aliogopa wakaguzi, hakuwaonea huruma akina mama. Nakubali, na ndiyo maana naiamini orodha. Huruma humchagua inayempenda, ilhali karani anayeogopa kukaguliwa hawezi kuruka hata kitambaa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: ni nani waliokuwa na majina ya kuandikwa? Katika makumbusho hayo upo mchongo uliotolewa na Aristonike, mke wa Antiphates. Familia yake inamkaribia Artemis na ng'ombe dume wa kafara, na nyuma ya msafara yuko mtumishi wa kike aliyejitwika sanduku kubwa kichwani. Wanaodhani mna nguo za sadaka wana sababu nzuri. Jina la mwenye sadaka limechongwa. La aliyeibeba halimo. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba Brauron inawasemea wanyonge wote. Ninachodai ni kwamba hapa ukomo wa ile hesabu unaonekana kwa macho, tena umechongwa na watu walewale walionufaika nayo.

Wapo pia wanaouliza kwa nini vitu hivi visihamishiwe Athens, vionwe na mamilioni. Jibu la kwanza liko kwenye tope. Mto Erasinos ulifurika, na katika karne ya 3 KK mahali hapa pakaachwa. Mwanaakiolojia Ioannis Papadimitriou alipofukua, kuanzia 1948 hadi alipofariki 1963, tope la kwenye chemchemi lilikuwa limetunza hata vitu vya mbao, pamoja na vioo vya wanawake. Kioo kilichotolewa sadaka kwenye chemchemi kinaeleweka penye chemchemi. Kikiwekwa kwenye kabati mjini kinakuwa kifaa cha urembo. Ndivyo ilivyo hata kwa vyumba vinavyouzunguka ua, ambavyo sakafu zake bado zinaonyesha vitanda vya kuegemea wakati wa kula vilipopangwa. Jibu la pili ni umbali wenyewe. Artemis huyuhuyu alikuwa na mahali pake Acropolis, karibu na nyumbani kwa wengi, na bado familia zilifunga safari pamoja na watoto, mifugo na masanduku hadi bonde hili. Anayetaka kuwapunguzia wageni wa leo safari hiyo atakuwa anafuta uamuzi ambao watu wale waliufanya kwa makusudi.