Akiba ya Uzeeni na Riba

Tumeulizwa: je, kujiwekea akiba ya uzeeni ni upungufu wa tawakkul? Twajibu: la. Mtume (s.a.w.) alimzuia Saad bin Abi Waqqas, naye yu mgonjwa, asitoe sadaka mali yake yote, akamruhusu thuluthi, ili warithi wake wasiwe ombaomba.

Lakini wengi wetu huuliza faida ni ngapi kwa mia, wala hawaulizi yatoka wapi. Mifuko ya pamoja iitwayo ya soko la fedha, kwa desturi, hununua hati za hazina na kuweka amana benki. Faida hiyo ni riba, ijapokuwa imevishwa kanzu. Mfuko wa hisa ni mlango mwengine: humo mna biashara, nayo yataka kuchunguzwa, isiwe ya pombe wala ya kukopesha kwa riba.

Tangu Desemba 2024 serikali ya Kenya haitozi kodi ya mapato juu ya mchango wa pensheni iliyosajiliwa usiozidi shilingi 30,000 kwa mwezi. Nafuu hiyo twaipokea; lakini mwenye kusamehe kodi hana uwezo wa kuhalalisha riba. Basi kabla ya kutia sahihi, mtake msimamizi akuonyeshe orodha ya alivyovinunua, uisome pamoja na mwenye elimu.