Kuhesabu Majaketi

Nikipanda chombo chochote cha baharini, kabla sijatafuta pa kukaa huhesabu majaketi ya kujiokolea. Ni mazoea ya mtoto wa Pemba wa rika langu, na sikuwahi kuyaonea haya mpaka kiangazi kile nilipopanda feri Piraeus, bandari ya Athens, kwenda kisiwa cha Anafi. Nilikuwa kwenye kasha la tatu la sitaha ya juu, nikisoma idadi iliyoandikwa ubavuni, pale bibi mmoja aliyepakata kopo lenye mche wa mrehani aliponiuliza, kwa Kiingereza cha taratibu, kama nimepotelewa na kitu.

Nikamwambia hapana. Nikakaa karibu naye, kwa sababu ya ile harufu ya mrehani.

Anafi nilikichagua kwa ukimya wake. Kiko mashariki ya Santorini, na sensa ya 2011 ilikuta wakazi 271. Nilikuwa nimechoka na masomo, nataka mahali ambapo hakuna anayenihitaji. Kichekesho ni kwamba mimi mwenyewe ni mtu wa kisiwa. Kwetu Mkoani mgeni akishuka na kusema pametulia, bibi yangu humtazama kwa huruma. Pametulia wapi, na jogoo, na mashine ya kukoboa mpunga, na watoto wa jirani?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Ilibeba watu wengi mno kuliko ilivyoruhusiwa, wengine wakirudi nyumbani baada ya sikukuu ya Idi. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka redio, na wanaume waliokaa barazani asubuhi nzima bila kusema neno, na mama akitoa kanga mpya sandukuni na kuzipeleka nje bila kuambiwa na mtu. Tume ya uchunguzi baadaye ilihesabu waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Jambo nililolijua nikiwa mtu mzima ni kwamba meli ile ilijengwa Ugiriki, mwaka 1967, na ilitumika hukohuko kabla ya kuletwa kwetu.

Basi nilipokaa pale sitahani, nikitazama maji ambayo kila mtu alikuwa akiyapiga picha, niliwaza kwamba huenda ilipita hapahapa. Huenda bibi huyu alipokuwa msichana alisinzia kwenye viti vyake.

Siwalaumu Wagiriki. Meli ikichakaa huuzwa, na ile haikujijaza watu yenyewe. Nao wana msiba wao: tarehe 26 Septemba 2000, feri ya Express Samina iligonga mwamba karibu na Paros na kuua watu wapatao 80. Kilichonishughulisha ni abiria waliolala midomo wazi kunizunguka. Nimelelewa nikiamini kwamba utulivu ni wa moyoni, kwamba mwenye imani habahatishi wala habahaiki. Lakini hawa hawakunizidi imani. Walichonizidi ni watu wa kukataa: mkaguzi anayeweza kukataa kusaini, afisa wa bandari anayeizuia feri isiondoke upepo wa meltemi unapozidi, hata abiria wakipiga kelele gatini kutwa nzima. Usingizi wao umejengwa kwa hapana nyingi zilizosemwa na watu wasiowajua. Mimi huamka usiku melini, na kwa miaka mingi nilidhani ni udhaifu wangu.

Ukimya niliokuwa nikiuendea nao una waliougharimia. Karne ya 19 mafundi wa Anafi walikwenda Athens kutafuta kazi ya ujenzi, wakajijengea vijumba vyeupe chini ya Acropolis, mfano wa vile vya kwao. Mtaa huo bado unaitwa Anafiotika. Miaka ya 1930, chini ya utawala wa Metaxas, serikali ilipeleka wapinzani wake Anafi kama wafungwa wa uhamishoni. Waliona bahari hiihii niliyolipia kuiona. Tofauti yangu nao ilikuwa karatasi iliyokunjwa mfukoni, tiketi ya kurudi Jumanne.

Nilimwuliza bibi kama yeye anaishi kisiwani. Alicheka. Aliondoka akiwa na miaka kumi na minne. Ndugu zake wote waliondoka. Hurudi kila kiangazi kufungua madirisha.

"Wewe unakwenda kwa nani?"

"Sina mtu. Nakwenda kupumzika."

Alifikiri kidogo. "Ni vizuri," akasema, na sikuweza kujua alimaanisha nini.

Je, ni kosa kupumzika mahali pa namna hiyo? Sidhani. Nyumba isiyolalwa na mtu huoza, na pesa ya mgeni huweka mkate mezani. Ila nilikuwa nimeshaanza kutamani kisiwa kisibadilike, kisiongezewe safari za feri, kibaki hivyohivyo kwa ajili yangu, na hapo ndipo nilipojishtukia. Nilikuwa namwombea mwenzangu shida ileile ambayo kwetu tunailalamikia: chombo kinachokuja kikitaka.

Santorini walishuka karibu wote. Tulibaki wachache, na ilibaki saa moja na kitu. Bibi akanigusa bega.

"Mwanangu, ulikuwa unahesabu nini pale?"

Nikamweleza. Meli, Nungwi, kanga, mwaka 1967. Nilipotaja ilikojengwa aliinua macho, lakini hakusema kitu. Baadaye akauliza nilifika wapi.

"Kasha la tatu."

Akaweka kopo la mrehani kitini, akasimama kwa kujishikiza kwenye reli. Yeye akahesabu kwa Kigiriki, mimi kwa Kiswahili, na kwenye kasha la sita hatukupatana, ikabidi turudi mwanzo.