Kipigo Tulichokipa Jina la Mapenzi

Kwenye nyumba za sumo za Japani kuna neno kawaigari. Mtaani neno hilo ni tamu: ni kumbembeleza mtoto, kumpakata, kumpenda kwa sababu ni mdogo. Ndani ya heya, nyumba ambamo wanamieleka hulala, hupika na hufanya mazoezi chini ya oyakata, yaani bwana wa nyumba, mmoja, maana yake imegeuka. Humo, kumfanyia kijana kawaigari ni kumwita katikati ya duara la udongo na kumwangusha, kumwinua na kumwangusha tena, kumburura huku mchanga umemjaa kinywani, kumchapa kwa fimbo ya mianzi akichelewa kuinuka, mpaka pumzi yake ikwaruze kama mlango wenye kutu. Akilia, anaambiwa anapendwa. Akitoroka, anarudishwa apendwe zaidi.

Neno hilo hatukulibuni sisi. Tumelizoea.

Nasema sisi, na nina maana ya sisi tunaoupenda mchezo huu, walio Tokyo na walio mbali nao kama mimi. Tunaokesha tukifuatilia matokeo ya basho, yaani mashindano makuu, tunaojua tofauti ya yokozuna, cheo cha juu kabisa, na ozeki, cheo kinachokifuata, tunaotamka majina ya mbinu za kuangushana kama watu wanaosoma dua. Tunajifanya watu wa heshima kwa sababu mchezo wenyewe una chumvi, una maji ya kujitakasa, una inamo la kichwa kabla na baada ya pambano. Lakini niambieni, ni nani kati yetu asiyejua yanayotendeka asubuhi kabla milango haijafunguliwa? Ni nani hajawahi kusikia? Tumesikia, tukasema ndivyo mila yao ilivyo, tukageuka kuangalia pambano linalofuata.

Tarehe 4 Mei 2023 Netflix ilitoa Sanctuary, tamthilia ya vipindi 8 iliyoongozwa na Kan Eguchi. Ni kazi nzito na sitaidharau. Wataru Ichinose anamwigiza Kiyoshi Oze, kijana mkorofi wa Kitakyushu, mdomo mchafu, asiye na adabu kwa mkubwa wala mdogo, anayeingia sumo kwa sababu moja tu: fedha. Anapewa jina la ulingoni, Enō. Wakubwa zake wanamwonea na kumdhalilisha. Anachezeshwa hadi miguu inakataa. Siku anapopambana na Shizuuchi, lile jitu la kimya lenye makovu na utoto wa majonzi, sikio lake linachanika, na hofu inamwingia mifupani. Halafu anarudi. Anakubali kupigwa, anakubali kuinama, anaanza kupiga shiko kwa unyenyekevu, mguu juu, mguu chini, na sisi tunalia machozi ya furaha.

Tunalilia nini hasa?

Tunalilia kuona kipigo kimezaa matunda. Kijana mbaya ameingizwa kwenye kinu, ametwangwa, ametoka unga mweupe. Hadithi hiyo tunaipenda kupita kiasi, kwa kuwa inatusafisha. Inatuambia kwamba yale yote ya mwanzo, matusi, mateke, uso uliosuguliwa mchangani, yalikuwa na kazi. Walioonea wanageuka kuwa kaka. Aliyetazama bila kusema neno anageuka kuwa mwenye busara aliyejua tangu zamani. Na wale ambao kinu hicho kiliwasaga wasitoke tena hawamo katika hadithi, maana mfu hafiki kipindi cha nane.

Niliitazama nyumbani kwa dada yangu, usiku mbili mfululizo, sebule imejaa watu. Mpwa wangu wa miaka 14 alikuwa ameketi chini karibu na miguu yangu. Ilipofika ile sehemu ambayo mmoja anaangushwa na wengine wamesimama ukutani wakitazama, mikono nyuma, aligeuka akaniuliza, "Mjomba, mbona hakuna anayemsaidia?" Nikamjibu upesi, bila kuondoa macho kwenye kioo: "Anafundishwa." Watu wazima wote sebuleni waliafiki. Mmoja akaongeza, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwingine akasema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akanyamaza, akarudisha uso mbele. Anasoma katika nchi ambayo sheria yake bado inamruhusu mwalimu kumchapa viboko, kwa hiyo somo lenyewe halikuwa geni kwake. Jibu langu ndilo lililomthibitishia kwamba hata mjomba yuko upande wa wale waliosimama ukutani. Sijalala vizuri na jibu hilo tangu siku ile.

Basi tuyahesabu yale tunayoyajua.

Juni 2007, katika Mkoa wa Aichi, kijana wa miaka 17 wa nyumba ya Tokitsukaze alifariki. Alikuwa amejaribu kutoroka. Oyakata wake alimpiga kichwani kwa chupa ya bia, wakubwa zake wakampiga, hata kwa gongo la chuma la besiboli. Kesho yake aliingizwa ulingoni akafanyishwa kwa nusu saa zoezi la kugongana vifua ambalo kwa kawaida huchukua dakika chache tu. Akaanguka, hakuinuka. Mwanzoni ilisemwa ni maradhi ya moyo, na polisi wa pale wakaridhika. Ni wazazi, walipoiona maiti ya mtoto wao ilivyovimba na kuchubuka, waliokataa kuizika hadithi ile na kudai uchunguzi. Mwaka 2009 oyakata alihukumiwa miaka 6 jela, rufaa ikaipunguza ikawa 5. Wanamieleka watatu walipewa vifungo vya nje. Neno oyakata lina "mzazi" ndani yake. Kijana yule aliuawa na nyumba iliyoapa kumlea, na mikono iliyomuua iliita kazi yake mafunzo.

Je, tuliacha kutazama?

Mwaka 2010 iligundulika kwamba wanamieleka na oyakata walikuwa wakicheza kamari ya besiboli pamoja na watu wa magenge, na NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, ikakataa kurusha moja kwa moja basho la Nagoya, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu matangazo hayo yaanze mwaka 1953. Mwaka 2011 ujumbe uliopatikana kwenye simu ulionyesha mapambano yakiuzwa na kununuliwa, basho la Osaka la mwezi Machi likafutwa, la kwanza kufutwa tangu 1946. Angalieni vizuri mizani yetu. Kamari ilitosha kuzima kamera. Mapambano ya kupanga yalitosha kufuta basho zima. Kijana wa miaka 17 aliyeuawa ndani ya nyumba ya mazoezi hakutosha kusimamisha chochote. Basho la Nagoya la mwaka 2007 lilichezwa mwezi mmoja tu baada ya kifo chake. Tulikasirika tulipodanganywa kuhusu nani ameshinda. Ndilo lililotuuma, kwamba tulishangilia ushindi wa uongo.

Tukaendelea. Oktoba 2017, huko Tottori, yokozuna Harumafuji alimpiga mdogo wake kicheo, Takanoiwa, kwa mikono na kwa rimoti ya karaoke, kwa kosa la kuangalia simu wakati mkubwa anatoa nasaha. Yokozuna akastaafu mwezi uliofuata, akieleza kwamba alitaka kumrekebisha mwenzake adabu. Mwaka 2018 Chama cha Sumo kikatoa azimio la kuukomesha ukatili. Mwaka huo haujaisha, Desemba, Takanoiwa yule yule, aliyepasuliwa kichwa, alimpiga kijana aliyekuwa akimhudumia, naye akaacha mchezo. Nani alimfundisha? Machi 2021 mwanamieleka wa daraja la chini mwenye umri wa miaka 28 aliangukia kichwa ulingoni akalala kifudifudi kwa dakika kadhaa, watu wakimzunguka bila kujua la kufanya, na mwezi uliofuata akafariki. Mwaka 2024 ukatili ukatoka katika nyumba ya Hakuhō mwenyewe, mtu wa vikombe 45, bingwa kuliko wote. Mwanafunzi wake aliyekuwa akiwatesa wadogo akaondoka, bwana mkubwa akashushwa cheo, nyumba ikafungwa. Kila mara wazee wa Chama huinamisha vichwa mbele ya kamera, sote tunahesabu sekunde za inamo hilo na kusema mara hii wamejuta kweli.

Vichwa vyao vinainuka. Vyetu pia.

Kwa nini vijana wanavumilia? Ulizeni njaa. Kuna madaraja sita, na mshahara huanzia daraja la pili kutoka juu. Kati ya wanamieleka mia sita hivi, wenye mshahara ni 70 tu. Waliobaki hupewa chakula, paa na posho ndogo. Hao ndio wanaoamka gizani, wanaofagia, wanaopika sufuria za chanko, mchuzi wa wanamieleka, wanaosimama nyuma ya wakubwa wakiwapakulia, kisha wanakula kilichobaki chini ya sufuria. Wanamfulia mkubwa. Wanamsugua mgongo bafuni. Hawana pa kushtaki kwa sababu hakimu, mwajiri, mwenye nyumba na baba ni mtu mmoja. Na mwanamieleka hahami kwenda nyumba nyingine kwa hiari yake. Ukimfungia binadamu hivyo kisha ukampa mwenzake mamlaka juu ya mwili wake, huhitaji kutafuta mtu mwovu. Mfumo wenyewe utamfinyanga mmoja kila mwaka, na aliyepigwa jana atangoja zamu yake ya kupiga.

Msinijibu kwamba hayo ni ya Chama. Chama kinaishi kwa pumzi yetu. Matajiri wafadhili wanaoalikwa kutazama mazoezi ya asubuhi hukaa juu ya mikeka hatua chache kutoka kwenye uwanja, wananusa jasho, wanaona damu, wanakunywa chai. Waandishi wa michezo walijua kwa miongo mingi wakalinda urafiki wao na wakubwa wa heya. Wazazi wengine walimpeleka mtoto aliyewashinda, wakamkabidhi oyakata kwa maneno ambayo nasi tunayajua, kwamba nyama ni yako, mimi nirudishie mifupa. Na sisi washabiki tunatazama picha za mazoezi na kuandika chini yake kwamba vijana wa siku hizi ni laini, kwamba zamani wanaume walikuwa wanaume. Nani kati ya hawa atanawa mikono?

Na bado tunadai kwamba duara lile la mita 4.55 ni takatifu. Utakatifu gani? Aprili 2018, mjini Maizuru, meya alianguka ghafla juu ya dohyo, yaani ulingo wa sumo, akihutubia. Wanawake, muuguzi akiwemo, walipanda mbio wakamkandamiza kifua kuyaokoa maisha yake. Kipaza sauti kikawaamuru wanawake washuke, zaidi ya mara moja. Baadaye chumvi ilimwagwa kwa wingi. Mkuu wa Chama aliomba radhi, lakini fikirini chumvi hiyo. Mkono wa mwanamke anayeokoa uhai unaonekana unatia najisi pale juu, na kiganja cha mwanamume kilichompasua mdogo wake uso alfajiri kinaingia jioni kikiwa safi, kinachota chumvi hiyo hiyo, kinairusha hewani, na ukumbi mzima unapiga makofi. Tumejifunza kuwaogopa waokoaji kuliko wauaji.

Katika Sanctuary yupo mwandishi wa habari, Kunishima, mwanamke aliyekulia ng'ambo, aliyetupwa dawati la sumo kama adhabu. Yeye ndiye anayeingia na macho ya mgeni na kuita jambo kwa jina lake: huu ni uonevu. Kila ninapoirudia tamthilia namtazama yeye kuliko wanamieleka. Kipindi baada ya kipindi ghadhabu yake inapoa. Anaanza kuvutiwa na nguvu, jasho, ukimya wa kabla ya kurukiana. Mwishoni naye anasimama miongoni mwa wanaotamani kuona pambano. Waandishi wa hadithi wanaweza kusema amekua, ameuelewa mchezo. Mimi naona mwanamke aliyekuwa na sauti, na sasa hana. Sikumlaumu, kwa kuwa niliisafiri njia hiyo hiyo pamoja naye, nikiwa nimeketi kwenye kochi, na nilipofika mwisho sikukumbuka tena kwamba mwanzoni nilikuwa nimeshtuka.

Tamthilia inakatika pale Enō na Shizuuchi wanaporukiana. Hatuonyeshwi mshindi. Tukachukia. Tulilalamika kila mahali, tukataka msimu wa pili, tukajadiliana nani angeanguka kwanza. Katika malalamiko yote yale sikumsikia hata mmoja akiuliza ni nini kilichompata kijana mdogo wa nyumba ile asiyekuwa na jina katika hadithi, yule anayepita nyuma ya kamera na ndoo.

Sheria inaruhusu mvulana kuingia heya akishamaliza shule ya kati, miaka 15. Kesho, kabla jua halijachomoza juu ya Ryogoku, mtaa wa sumo jijini Tokyo, mmoja wao ataamka, atakunja godoro lake, atafunga mkanda wake mweusi wa pamba kwa msaada wa mwenzake, atashuka kwenye udongo baridi. Atafagia. Atawasikia wakubwa wakishuka ngazi, mmoja baada ya mwingine, na atajua kwa mshindo wa hatua nani ameamka vibaya. Kisha ataitwa katikati, na wengine watasimama ukutani, mikono nyuma.