Kati ya Sifuri na Moja

Pini ya maikrokontrola husemwa kuwa na hali mbili tu, sifuri au moja. Waya wenyewe haujui hivyo. Volti ikipanda kutoka chini hadi juu hupitia kila thamani iliyo katikati, na safari hiyo huchukua muda. Ikiwa fupi, hakuna anayeuliza. Ikikawia, hurudi swali lililomshughulisha Aristotle: kitu kinachogeuka, katika nukta ileile ya kugeuka, ni kile kilichokuwa au kile kitakachokuwa?

Chanzo cha kukawia ni cha kawaida kabisa. Katika basi ya I2C, yaani nyaya zinazoshirikiwa na chipu kadhaa, pini huweza kuvuta waya chini tu. Kuupandisha ni kazi ya rezista. Waya na chipu zote zilizoungwa huongeza kapasitansi, na rezista huijaza kama mtu ajazaye pipa kwa mrija mwembamba. Rezista ya kilo-omu 10 na kapasitansi ya pikofaradi 100 huchukua nanosekunde 850 hivi kupanda kutoka asilimia 30 hadi 70 ya volti, ilhali basi ya kilohezi 400 huruhusu 300 tu. Kilo-omu 3.3 huponya. Fundi naye ajihadhari na osiloskopu yake: kipimio kisichogawanya volti huweza kuongeza pikofaradi mia nyingine, na hapo anayeutafuta ugonjwa ndiye anayeuzidisha.

Ukawiaji huo hufichua jambo ambalo kasi hulifunika. Maikrokontrola ATmega328P inayolishwa volti 5 huahidi kusoma sifuri chini ya volti 1.5, na moja kuanzia volti 3. Katikati mtengenezaji haahidi lolote. Chipu mbili zikisoma waya mmoja wakati mmoja zaweza kutofautiana, na hakuna iliyosema uongo. Sifuri na moja, basi, hazimo katika waya; ni hukumu ya anayesoma. Aristotle aliipa nukta ya kugeuka ile hali inayofuata, lakini jibu lake linataka mpaka mmoja, na hapa kila msomaji ana wake.

Mmarekani Otto Schmitt, aliyechunguza neva za ngisi katika miaka ya 1930, alibuni saketi yenye mipaka miwili, wa kupandia na wa kushukia. Volti ileile iliyo kati ya mipaka hiyo husomwa sifuri ikiwa imetoka chini, na moja ikiwa imetoka juu. Hukumu hutazama asili.

Hilo halimalizi kesi. Katika Tahafut al-Falasifa, Imamu Ghazali alimweka mtu mbele ya tende mbili zisizo na tofauti, akasema kuwa utashi huweza kuchagua pasipo sababu. Flip-flopu, saketi inayohifadhi sifuri au moja, haina utashi. Ikiinasa ishara katikati ya safari yake, huweza kuning'inia bila kuamua, na mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha kwamba hakuna kifaa kinachoweza kuhakikishiwa kuamua kati ya mawili ndani ya muda uliowekewa kikomo, iwapo kinachopimwa hubadilika bila kuruka. Wahandisi hununua subira: ndani ya ATmega328P ishara hupita hatua mbili kabla ya kusomwa, na uwezekano wa kuning'inia hupungua sana, ingawa haufiki sifuri. Gharama yake ni kwamba programu haisomi pini ilivyo sasa. Huisoma ilivyokuwa kati ya nusu mzunguko na mzunguko mmoja na nusu wa saa uliopita.