Acha Moyo Uende Mbio

Nyumba ngapi hapa kijijini Nandagala, wilayani Ruangwa, zina baiskeli iliyoegemezwa ukutani tangu msimu wa korosho uliopita? Tairi zimelala, mnyororo umeshika kutu, kuku wanajikunyata chini ya keria. Mwenyewe yupo, mzima, ana miaka arobaini na kitu. Akitaka kwenda Ruangwa mjini anapiga simu kwa bodaboda. Akitaka kwenda shamba la ufuta, bodaboda. Akitaka vocha dukani, anatuma mtoto. Siku pikipiki imekosekana anapanda kilima kwa miguu, kifua kinamdunda, anashika mti, kisha anatangaza kwamba umri umekwenda na kazi za nguvu sasa basi.

Ndugu yangu, mara nyingi moyo huo hauna ugomvi na kilima. Umekaa muda mrefu bila kazi.

Nataka tuelewane jambo moja, na nalisema kwa uchungu kwa sababu naona watu wazima wanakiogopa kitu ambacho kingewasaidia. Moyo kwenda mbio ukiwa juu ya baiskeli ni kazi yake halali. Moyo kwenda mbio ukiwa umekaa mkekani, umepumzika, huna homa, huna hasira wala hofu, hiyo ndiyo habari ya kupeleka zahanati. Sisi tumegeuza. La kwanza tunalikimbia, la pili tunalizoea.

Moyo ni msuli, na hauna tofauti na mkono wa mkulima: ukipewa kazi kila wiki unakaza, ukiachwa unalegea. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Anapokanyaga pedali kupanda mwinuko, mapaja yanadai oksijeni, na moyo unaitika kwa njia mbili: unapiga mara nyingi zaidi, na kila pigo linatoa damu nyingi zaidi. Hata mtu wa kawaida asiye mwanariadha anaweza kufika lita 20 kwa dakika. Akirudia zoezi hilo wiki hadi wiki, moyo unapata nguvu ya kutoa damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa inajifunza kutanuka vizuri. Matokeo yake yanaonekana akiwa amekaa: mapigo ya mapumziko yanashuka.

Watu wazima wengi wakiwa wametulia wana mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Waendesha baiskeli waliobobea wanaweza kuwa na 40 na kitu, na wakawa wazima kabisa. Sasa piga hesabu, hata ya juu juu. Mapigo 80 kwa dakika ni mapigo 115,200 kwa siku. Yakishuka yakawa 70, ni 100,800. Moyo uleule, kifua kilekile, umepunguziwa mapigo 14,400 kila siku inayokwenda kwa Mungu. Saa moja ya kwenda mbio barabarani inaulipa moyo saa nyingi za kupiga taratibu.

Wala tusidhani haya ni mambo ya wenye baiskeli za mamilioni na suruali za kubana. Ushahidi mzuri upo hapahapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na David Raichlen walichapisha matokeo ya kazi yao ya kuwavisha Wahadzabe vipimo vya mapigo ya moyo. Waliona kwamba kwa siku, kwa wastani, moyo wa Mhadzabe unakuwa katika kazi ya wastani au nzito kwa zaidi ya saa mbili. Wazee wao nao hawakai tu. Na katika watu hao presha ya juu ilikuwa nadra, na mafuta kwenye damu yalikuwa katika kiwango kizuri. Hawana ukumbi wa mazoezi wala saa ya kuhesabu hatua. Wanachimba mizizi, wanafuata asali, wanachota maji, na moyo unaenda mbio kila siku kwa sababu maisha yanaudai. Nasi wa Kusini tulikuwa karibu na hali hiyo mpaka juzi tu. Bibi zetu waliofuata mizizi ya ming'oko porini na jembe begani hawakuhitaji kuambiwa wafanye mazoezi.

Wenzetu nao walishajifunza. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris aliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta wao. Mshahara wao haukuachana sana, mji mmoja, basi moja. Dereva alikaa kutwa, kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi. Na mwaka 2017, hukohuko Uingereza, watafiti walifuatilia watu zaidi ya 263,000 na kuona kwamba wanaokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 46 hivi kuliko wanaokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba sifa yote ni ya baiskeli, lakini ukiuweka pamoja na wa makondakta na wa Wahadzabe, mwelekeo ni mmoja.

Kwa hiyo tuanze na kitu ambacho hakihitaji hata shilingi. Kesho alfajiri, kabla hujatoka kitandani, geuza kiganja cha mkono wa kushoto kitazame juu. Chukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, uviweke kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, pale kwenye kibonde kando ya mshipa mgumu. Usitumie gumba, maana gumba lina mapigo yake na litakuchanganya. Bonyeza kidogo, usikandamize. Utasikia: tu, tu, tu. Washa saa ya kuhesabia kwenye simu, hata kitochi kinayo. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Ikiwa mapigo hayaendi sawasawa, yanaruka au yanakimbizana ovyo, hesabu dakika nzima, kisha nenda kapimwe. Andika namba yako kwenye daftari lilelile unaloandikia kilo za korosho. Baada ya miezi miwili ya kuendesha, hesabu tena.

Na ukiwa barabarani? Kanuni ya kawaida inasema chukua 220, toa umri wako, utapata makadirio ya kiwango cha juu ambacho moyo wako unaweza kufika. Mwenye miaka 45 anapata 175. Mwendo wa wastani ni asilimia 50 hadi 70 ya hapo, yaani mapigo kama 88 hadi 122. Mwendo wa nguvu ni asilimia 70 hadi 85, kufika karibu 149. Mwenye miaka 60 anaanza na 160, na mwendo wake wa wastani ni mapigo 80 hadi 112. Haya ni makadirio. Watu wawili wa rika moja wanaweza kupishana mapigo kumi au zaidi na wote wakawa wazima. Na mtu anayetumia dawa za presha kama atenolol au propranolol asiifuate kanuni hii, kwa sababu dawa hizo hushusha mapigo.

Kwa hiyo mimi nakusihi utumie kipimo cha mdomo. Ukiwa unaendesha na unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima lakini huwezi kuimba, upo kwenye mwendo wa wastani. Ukibaki na uwezo wa kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, umeingia mwendo wa nguvu. Ukishindwa hata kuitikia salamu ya mzee njiani, punguza.

Hapo ndipo baiskeli zetu zinapotaka akili. Baiskeli ya Phoenix haina gia. Tambarare inateleza vizuri, ila ukifika kwenye mwinuko, mapigo yaliyokuwa 110 yanaweza kuruka sana kabla hujafika nusu, hasa ukiwa na gunia kwenye keria. Shuka. Sukuma. Vijana watakucheka, waache. Kusukuma baiskeli kupanda kilima ni mazoezi kamili, na moyo haujui kama upo kwenye siti au upo chini. Ukifika juu usisimame ghafla ukakaa kwenye jiwe. Tembea au kanyaga polepole dakika chache, kwa sababu ukikata ghafla damu hubaki miguuni na kizunguzungu huja. Inua siti pia. Wengi wetu tunaendesha magoti yakigonga kifua, tunachoka bure. Pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka, na goti likunjwe kidogo tu.

Joto nalo lina sehemu yake. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, jua la huku halina huruma. Mwili ukipata joto, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, jasho hupunguza maji, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Toka alfajiri, beba maji. Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, badili njia au badili muda, maana wapulizaji nao hupenda alfajiri, na vumbi lile linakera mapafu. Na siku una homa, usiendeshe. Homa peke yake hupandisha mapigo, na malaria haitibiwi kwa jasho.

Sasa niseme na wewe mwenye zaidi ya miaka arobaini, mwenye uzito mkubwa, mwenye kisukari, mvuta sigara, au ambaye baba au mama yake alianguka kwa kiharusi. Kabla hujaanza, pima presha. Presha ya juu mara nyingi haiumi wala haitoi taarifa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa, na mazoezi yataingia kama sehemu ya tiba. Ukipewa dawa, meza. Usiiache kwa sababu umejisikia nafuu. Unajisikia nafuu kwa sababu unaimeza.

Zipo dalili ambazo zikikushika juu ya baiskeli hazitaki ushujaa: maumivu au mkandamizo kifuani unaosambaa kwenye mkono, shingo au taya, kuzimia au kutaka kuzimia, mapigo yanayoruka ovyo na hayatulii hata ukipumzika, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, miguu kuvimba. Shuka, kaa, omba msaada, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kijana naye asijione yuko salama kwa ujana wake. Mtoto aliyeugua koo mara kwa mara bila kutibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi ikaharibu valvu za moyo, na akakua bila kujua. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka hapa, na madaktari wake hufika mikoani kwa huduma za mkoba. Ukisikia wamekuja Lindi au Mtwara, nenda. Lakini safari hiyo huanzia kwenye mashine ya presha ya zahanati iliyo karibu nawe.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hizo ni siku tano za nusu saa. Kwa mtu wa Nandagala, kwenda shamba na kurudi kwa baiskeli kunazimaliza bila kuongeza kitu kwenye ratiba. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Tujiulize wenyewe, kijiji kwa kijiji, Jumamosi hizo zinapita tukiwa wapi.

Nawajua watu wa Ruangwa kwa mapenzi ya michezo. Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na ilipofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, wilaya nzima ilisimama. Tunajaa Uwanja wa Majaliwa kuwatazama vijana ishirini na wawili wakikimbia, nasi tumekaa na soda mkononi. Napenda Namungo. Nataka pia tufike uwanjani kwa baiskeli, wanaume na wanawake. Mama uliyeacha kuendesha ulipoolewa kwa kuogopa maneno ya watu, moyo wako una haki ileile, na presha haichagui mume wala mke.

Basi wiki hii fanya mambo matatu. Peleka baiskeli kwa fundi azibe pancha, apake mnyororo mafuta na akaze breki. Pita zahanati upime presha. Halafu Jumamosi alfajiri mchukue jirani yako, mtoke taratibu kuelekea Ruangwa mjini, mwendo wa kuongea, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Kifua kitadunda. Endelea kukanyaga.