Tumsomee Mgonjwa Ukurasa Gani?

Hapa Nyaishozi twaulizwa mara nyingi: Mtu akiugua ini, tumpe kitabu gani cha kumsaidia? Swali hili laonekana jepesi, kana kwamba mwulizaji ataka jina la kitabu tu. Lakini tumejifunza kwa kosa letu wenyewe ya kuwa ndani yake mna swali jingine lililo zito zaidi, nalo ni hili: Amwendeaye mgonjwa na kitabu mkononi, amsomee ukurasa gani?

Yafaa tulisimulie kosa letu kwanza, ili mtu asidhani kwamba twawaonya wengine tu. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa usharika alianza kukonda. Macho yake yalikuwa manjano, miguu ikavimba, na tumbo likajaa maji. Sisi tulikuwa na kijitabu juu ya madhara ya ulevi, nacho kilieleza jinsi pombe ilivyo na nguvu ya kuliharibu ini hata likawa gumu na kujaa makovu. Tukasema moyoni, hiki ndicho. Tukaenda nyumbani kwake jioni. Naye, ingawa alikuwa dhaifu, aliagiza tuletewe kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi ya wageni kwetu Karagwe. Tukaketi, tukamsomea ukurasa ule mbele ya watoto wake. Alisikiliza hata mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Baba mchungaji, mimi sijaonja rubisi tangu nizaliwe. Katika kitabu hicho, ukurasa wangu haumo?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba, tukaondoka. Lakini ubaya haukuishia hapo. Watoto walikuwa wamesikia, na majirani wakasikia kwao, na baada ya siku chache ilinenwa kisimani ya kuwa mama yule ni mlevi wa siri, na mchungaji mwenyewe amemfunua. Basi akaona haya kwenda hospitali, kwa kuogopa kwamba huko nako atahukumiwa. Ikapita miezi mitano kabla ndugu yake hajamshika mkono na kumpeleka kupimwa damu. Ikaonekana ana homa ya ini aina B, ambayo huenda aliipata kwa mamaye siku ile ile ya kuzaliwa kwake.

Kiswahili kina msemo wa kumkata mtu maini, yaani kumtia uchungu mwingi kwa maneno. Sisi tulikwenda tukitaka kulisaidia ini la mama yule, nasi ndio tuliolikata.

Sasa tuulize: Kosa letu lilikuwa nini? Kijitabu hakikusema uongo. Kila neno lililoandikwa humo lilikuwa kweli. Lakini neno la kweli likiwekwa juu ya mtu asiyehusika nalo, lageuka kuwa ushuhuda wa uongo juu yake. Twawafundisha watoto wa kipaimara amri ya nane kwa Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ya kuwa haitoshi kuacha kumsingizia jirani, bali yatupasa kumtetea na kumdhania mema. Tumeifundisha kwa miaka mingi, na jioni ile tuliivunja kwa sauti ya upole. Wanafunzi wa Bwana nao walipomwona yule aliyezaliwa kipofu, waliuliza kwanza habari za dhambi, kama ni yake au ya wazazi wake. Naye Bwana alikataa yote mawili. Kuuliza habari za dhambi kabla ya kuuliza habari za mtu, hilo ndilo kosa letu.

Tena lilikuwa kosa la uvivu. Tulisoma ukurasa mmoja, nao ni ule uliopatana na mahubiri yetu. Kama tungalitafuta zaidi, tungaliona ya kuwa ini huharibiwa kwa njia nyingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini aina B, na wengi wao hawakujua, kwa maana huitwa homa, lakini mtu aweza kukaa nayo miaka mingi asione homa yo yote. Kichocho cha tumbo, kipatikanacho katika maji ya kandokando ya Ziwa Viktoria, hulitia ini makovu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nao walikuwa wamekula ugali tu. Tena dawa nyingine za miti shamba, zinywewazo ili kulisafisha ini, ndizo ziliumizazo.

Basi, kitabu chenye msaada hutambulikanaje? Kwanza, tutazame mwaka wa kuchapwa kwake. Kirusi cha aina B kilianza kujulikana kwa kazi ya Baruch Blumberg na wenzake katika miaka ya 1960, na chanjo yake ya kwanza ilikubaliwa Marekani mwaka 1981. Kirusi cha aina C kilitambuliwa mwaka 1989, na siku hizi wagonjwa wake walio wengi hupona kabisa kwa vidonge vya majuma 8 au 12. Atakayesoma kitabu cha zamani juu ya aina C atakata tamaa bure. Tunacho katika kabati letu Mahali Pasipo na Daktari, ambacho David Werner alikiandika kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya watu wa vijijini katika milima ya Meksiko, kisha kikafasiriwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili pia. Chafaa sana, kwa kuwa chasema na mtu wa kijiji kwa heshima. Lakini mwenye nakala kuukuu amwulize tabibu ni mambo gani yaliyobadilika.

Pili, kitabu chema hupambanua sababu, wala hakiwatii wagonjwa wote katika kapu moja. Tatu, humwambia mgonjwa afanye nini kesho asubuhi: apunguze chumvi ikiwa tumbo lina maji, aache pombe, hata kama siyo iliyomwuguza, asimeze dawa yo yote, wala ya dukani wala ya mitini, pasipo kumwuliza tabibu, awapeleke watoto na mwenzi wake wakapimwe. Tena humwondolea hofu isiyo ya haki, kwa kumweleza ya kuwa aina B haiambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kushikana mikono, bali kwa damu, kwa kukutana kimwili, na kwa kuzaliwa. Nne, kitabu chema hakiuzi chupa. Kikiahidi uponyaji katika ukurasa wa kwanza na kutaja bei katika ukurasa wa mwisho, tukirudishe kilikotoka.

Wengine watasema, Je, basi tunyamaze juu ya rubisi na gongo? Hasha! Pombe huua maini mengi, na vijana wetu yafaa waonywe wakiwa bado wazima. Lakini onyo la barazani ni jambo moja, na faraja ya kitandani ni jambo jingine. Hata yule aliyekunywa kweli hahitaji kusomewa hukumu akiwa amelala. Ahitaji kuambiwa ya kuwa mara nyingi ini hupata nafuu mtu aachapo pombe, na kwamba tutamsaidia kuiacha.

Wengine tena watasema, Afadhali mgonjwa asisomewe kitu, maana habari nzito humvunja moyo. Neno hili lina huruma ndani yake, lakini hatulikubali. Mama asiyeambiwa ugonjwa wake hawezi kuwalinda watoto wake. Chanjo hutolewa kwa watoto wachanga wa Tanzania tangu mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuikuta kliniki, nao hawatajua hali yao wasipopimwa. Kumficha mtu habari za mwili wake ni kumfanya mtoto katika nyumba yake mwenyewe. Yatosha tumwulize kwanza: Wataka kujua mangapi leo? Kisha tusome kwa kadiri ya jibu lake, kwa Kiswahili, na kumweleza kwa Kinyambo palipo pagumu.

Tulirudi kwa mama yule. Tulikiri kosa letu mbele ya watoto wale wale waliosikia mara ya kwanza, kwa sababu neno lililotoka hadharani halirudishwi kwa siri. Jumapili iliyofuata tuliwaambia washarika ya kuwa tuliyomdhania hayakuwa kweli. Kisha tukauliza kama twaweza kusoma tena. Akasema, "Someni, lakini tangu mwanzo." Tukasoma jioni nne, yeye akituzuia kila alipotaka kuuliza. Sasa anameza kidonge chake kila siku, kile kizuiacho kirusi kisienee, na watoto wake wote wamepimwa. Lakini makovu ya ini lake hayakuondoka, na ile miezi mitano hakuna awezaye kumrudishia.

Kwa hiyo, ndugu, mkituuliza tena ni kitabu gani kimfaacho mgonjwa wa ini, tutawajibu: Tafuteni kilicho kipya, kisemacho kweli, kisichouza kitu. Lakini kabla ya kukifungua, mwulizeni yeye mwenyewe habari zake, mkasikilize mpaka amalize.